Tangi Lililo Juu ya Dari

Kila Oktoba, chama chetu kinapopokea wanachama wapya, kuna swali linaloulizwa kabla ya mengine yote. Halihusu masomo wala karo. Ni hili: kwa nini bafu la Mwingereza lina koki mbili, moja ya kuunguza na moja ya kugandisha, na hakuna pa kuyachanganyia maji isipokuwa viganjani mwako? Sisi tuliozaliwa hapa Uingereza tumezizoea hata hatuzioni. Wanaotoka Mombasa, Dar es Salaam au Muscat huziona siku ya kwanza. Majibu ya utani hayakosekani, mengi yakihusu ubahili wa Waingereza na hofu yao ya kuoga. Jibu la kweli liko juu ya dari, na kulifikia kunahitaji kurudi nyuma miaka mia nne hivi.

Huenda tusingelifuatilia kama si somo moja la muhula uliopita. Mhadhiri alituonyesha picha ya mtaa wa Dar es Salaam, mapaa yamejaa matangi meusi ya plastiki, akaieleza kama picha ya mji ambao bado haujafika. Haujafika wapi, hakusema. Ilidhaniwa sote tunajua. Tulikuwa watatu wa chama darasani. Hatukuwa na la kujibu siku ile, kwa sababu matangi yapo kweli, na maji hukatika kweli, na kila mmoja wetu ameoga kwa kata na ndoo nyumbani kwa bibi yake. Makala hii ndiyo majibu tuliyokosa.

Tuanze na nyumba yenyewe. Wenzetu wanne wamepanga nyumba ya matofali mekundu karibu na chuo, moja katika safu ndefu ya nyumba zilizobanana, za enzi za Malkia Victoria. Maji ya barabarani huingia kwa bomba moja chini ya sinki la jikoni. Hapo pana koki kuu, ambayo ukiifunga nyumba nzima hukauka. Bomba hilo hulisha moja kwa moja koki ya baridi ya jikoni, na katika nyumba nyingi ile ya beseni la bafuni pia. Kisha hupanda kupitia ukutani hadi juu ya dari, chini kabisa ya paa, na huko hujaza tangi.

Tuliingia kuliona kwa tochi. Si kitu cha kuvutia: pipa la mraba la plastiki, limefunikwa ubao na blanketi kuukuu. Ndani yake kuna boya lililofungwa kwenye ncha ya fimbo. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na fimbo huziba njia. Mtu akifungua koki chini na maji yakashuka, boya hushuka na njia hufunguka. Boya likitoboka au mpira wake ukichakaa, njia haizibi tena, na maji hutoka nje kwa kibomba cha kufurikia kinachochungulia ukutani. Ukiona ukuta wa nyumba una mstari wa kijani wa ukungu chini ya kibomba cha namna hiyo, jua boya la humo ndani limechoka.

Kutoka kwenye tangi hili maji hushuka kwa uzito wake yenyewe hadi kwenye tangi la pili, la shaba, linalochemshiwa maji, na kutoka hapo kwenye koki za maji moto. Hapa ndipo penye siri ya zile koki mbili. Msukumo wa maji hutokana na kimo: mita 10 za kimo hutoa msukumo wa takriban bar 1. Tangi likiwa mita 3 juu ya koki, msukumo wake ni bar 0.3, ilhali bomba la barabarani huweza kuwa na bar 2 au 3. Ukiyaunganisha maji hayo mawili kwenye koki moja, yenye nguvu huyasukuma yaliyo dhaifu yarudi yalikotoka, na maji moto hayatoki. Mbaya zaidi, siku ambayo msukumo wa barabarani unaanguka, mambo hugeuka, na maji ya tangini huweza kunyonywa hadi kwenye bomba wanalokunywea majirani. Maji yaliyokaa chini ya paa pamoja na vumbi, buibui na pengine njiwa aliyekufa hayafai kumfikia jirani. Kwa hiyo kanuni za maji za maeneo mbalimbali zilikataza kwa miaka mingi kuyakutanisha maji ya tangi na ya bomba kuu, na mafundi wakaona njia rahisi ni kuyaweka mbalimbali mpaka yamfikie mtu mkononi. Kanuni hizo za kila eneo ziliunganishwa kuwa kanuni za nchi nzima mwaka 1999.

Basi swali halihusu koki tena. Nyumba iliyounganishwa na bomba la barabarani ina haja gani ya tangi?

Haja yake ilikuwa mgao wa maji.

London ilianza kuvuta maji kwa bomba katika karne ya 13, kutoka chemchemi za Tyburn hadi katikati ya mji, kwa mabomba ya risasi. Watu waliteka bure, na wasiotaka kupanga foleni waliwalipa wachukuzi wa maji. Kujiunganishia kinyemela kulikuwapo tangu hapo. Mwaka 1478 mkazi wa Fleet Street aitwaye William Campion alikamatwa kwa kulitoboa bomba la mji na kuyaleta maji nyumbani kwake. Adhabu yake ilikuwa kupandishwa farasi na kutembezwa mjini akiwa amevishwa kichwani chombo kilichokuwa kikimvujia maji, na kila kilipokauka kilijazwa tena. Tulipoisoma habari hii mmoja wetu alisema kuwa anao majirani Kisauni wanaostahili kofia ile.

Mwaka 1613 ulifunguliwa mfereji mrefu uitwao New River, kazi iliyosimamiwa na Hugh Myddelton, ukileta maji ya chemchemi za Hertfordshire umbali wa kilomita 60 na zaidi hadi Clerkenwell. Maji haya hayakuwa ya bure. Kampuni iliyasambaza chini ya barabara kwa magogo ya mti wa elm yaliyotobolewa katikati, ncha ya moja ikiingizwa ndani ya jingine. Kutoka kwenye gogo, kibomba chembamba cha risasi kiliingia nyumbani kwa mteja. Risasi ilipendwa kwa kuwa hupindika bila kukatika. Hata jina la fundi bomba kwa Kiingereza limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya risasi. Magogo hayakuweza kustahimili msukumo mkubwa na yalivuja kila maungio, kwa hiyo maji hayakuachwa ndani yake muda wote. Yalielekezwa mtaa huu leo, mtaa ule kesho.

Ajabu ni kwamba mabomba ya chuma yalipochukua nafasi ya magogo mwanzoni mwa karne ya 19, zamu ziliendelea. Kufikia katikati ya karne hiyo London ilikuwa na kampuni nane za maji, zote za watu binafsi, nyingi zikiwa na mitaa yao bila mshindani. Kila kampuni ilikuwa na watu waliozunguka na ufunguo mrefu wa chuma wakifungua maji ya mtaa kwa saa mbili hivi, kisha wakayafunga. Mitaa mingine ilipata maji kila siku isipokuwa Jumapili, mingine siku tatu kwa wiki. Mwenye uwezo alijenga birika la risasi au la mawe, likajaa wakati wa zamu, likamtosha mpaka zamu nyingine. Wasio na uwezo walikuwa na bomba moja uani kwa nyumba nyingi. Saa ya maji ilipofika, mwanamke alitoka na kila chombo kilichokuwamo ndani, ndoo, birika la chai, beseni la kufulia, na ambaye alikuwa kazini saa ile alikosa.

Hatuhitaji kuwaeleza wasomaji wetu hali hiyo ikoje. Bibi wa mwenzetu mmoja amekaa Leicester tangu miaka ya 1990. Kila usiku kabla ya kulala hujaza ndoo mbili na sufuria moja, akazifunika. Watoto wake wamemwambia mara nyingi kwamba hapa maji hayakatiki. Hujibu, “Mwanangu, na yakikatika je?” na kuendelea kujaza. Tulikuwa tukicheka naye. Baada ya kusoma habari za London tuliona kwamba angekuwa jirani mzuri kwa mwanamke wa Bethnal Green wa mwaka 1850.

Lugha yetu nayo ina kumbukumbu zake. Bomba tumelipata kwa Wareno, na kwao ni pampu. Birika limetoka Kiarabu. Katika nyumba za zamani za Lamu birika la chooni lilijengwa kwa mawe na chokaa, likatiliwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na sahani ya Kichina ikapachikwa sakafuni mwake, samaki wapate pa kukaa maji yanapopungua. Wazee wa Mombasa na Unguja wanaiita koki mfereji, neno ambalo kitabuni ni njia ya maji ardhini. Mwenzetu ambaye wazazi wake wametoka Bukavu anasema robine, na hataki kusahihishwa.

Turudi London, maana mgao ule haukuisha wenyewe.

Kampuni zilikuwa na hoja. Maji yakiwa bombani saa 24, zilisema, watu watayaacha yamwagike na mabomba yatapasuka. Aliyeivunja hoja hiyo hakuwa mwanasiasa. Thomas Hawksley, mhandisi kijana wa Nottingham, alijenga mwanzoni mwa miaka ya 1830 mtambo uliolipa mji ule maji ya chuma, ya msukumo, usiku na mchana. Baadaye, mbele ya tume ya serikali iliyochunguza afya ya miji mwaka 1844, alieleza kwamba mambo ni kinyume cha ilivyodhaniwa. Anayepata maji kwa zamu huacha koki wazi asije akapitwa, na maji yakija akiwa hayupo humwagika. Bomba la zamu nalo lazima liwe nene, kwa kuwa linabeba kwa saa mbili maji ya siku nzima. Anayejua kwamba maji yapo hufungua, hutumia, hufunga. Nani kati yetu hajaamshwa saa tisa usiku na sauti ya maji yakifurika uani kwa sababu koki iliachwa wazi ikisubiri?

Kuna ubaya mwingine wa mgao, ambao ndio mzito zaidi. Bomba lililojaa maji yenye msukumo likiwa na ufa huvujisha kwenda nje. Likikauka, ufa ule ule hunyonya kilicho nje kuingia ndani, na chini ya barabara kilicho nje mara nyingi ni maji ya choo. Maji yakirudi huja nayo. London ilijifunza habari za maji na kipindupindu kwa gharama kubwa. Sheria ya 1852 ilizilazimisha kampuni kuchuja maji ya majumbani na kuacha kuyateka sehemu chafu za mto Thames. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha uhusiano wa vifo na pampu ya Broad Street, na pia akalinganisha nyumba zilizopata maji ya kampuni mbili tofauti katika mitaa ile ile ya kusini. Hata hivyo mwaka 1866 kipindupindu kiliua maelfu mashariki mwa mji, katika eneo la kampuni moja ambayo maji yake yalipitia hodhi lisilofunikwa. Ndipo sheria ya 1871 ikazitaka kampuni zitoe maji ya saa 24 pale mamlaka zitakapodai. Utekelezaji ulichukua karibu miaka thelathini, kwa kuwa kabla ya kupewa maji ya kudumu nyumba ilitakiwa iwe na koki na mabomba ya kustahimili msukumo, na wenye nyumba hawakutaka kulipa.

Tunalipenda zaidi tukio la mwishoni kabisa mwa karne ile, ambalo halisimuliwi sana. Mashariki mwa London, familia nyingi zilipopata maji ya kudumu ziliyatoa mabirika yao. Ya nini tena? Kisha ukaja ukame. Mwaka 1895, tena 1896, na vibaya zaidi 1898, kampuni ya maji ya eneo hilo ilirudisha zamu. Watu walifungua koki zikatoa hewa, na hawakuwa na hata pipa. Walikuwa wakilipa kwa thamani ya nyumba, si kwa kiasi cha maji, kwa hiyo bili ilikuja ile ile. Hasira za miaka hiyo zilisaidia kuzimaliza kampuni: sheria ya 1902 iliunda bodi ya umma ya maji ya jiji, na mwaka 1904 bodi hiyo ikachukua kampuni zote nane.

Kwa hiyo tangi la juu ya dari ni mabaki. Mafundi waliendelea kuliweka kwa kuwa kanuni zilikwisha andikwa kwa ajili yake, na pia kwa kuwa lilipunguza kishindo cha mahitaji ya asubuhi, kila nyumba ikitumia akiba yake wakati mmoja. Mhadhiri wetu alionyesha picha ya matangi ya Dar es Salaam akiwa ndani ya mji ambao una matangi maelfu. Tofauti ni kwamba ya huku yamefichwa na vigae.

Lakini tungeishia hapo tungekuwa tumesema tu kwamba Dar es Salaam ni London ya mwaka 1850, imechelewa, itafika. Tulidhani hilo ndilo tutakaloandika. Historia ya kwetu imekataa.

Maji ya bomba si mageni pwani. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta mjini kwa mabomba kutoka chemchemi zilizo kaskazini mwa Mji Mkongwe, watu wakateka bila malipo. Wakati ule sehemu kubwa ya London ilikuwa bado ikisubiri zamu. Mombasa iliacha kutegemea visima pekee ilipoletewa maji ya Shimba Hills, na katika miaka ya 1950 ikavutiwa bomba la kilomita zaidi ya 200 kutoka chemchemi za Mzima.

Katika miaka ya 1960 watafiti watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walipima matumizi ya maji ya familia nchini Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka mwaka 1972, na kimo maktabani kwetu. Miaka thelathini baada ya utafiti wa kwanza, mwaka 1997, watafiti wengine walirudi mahali pale pale kuuliza maswali yale yale. Karibu familia zote zilizokuwa na bomba nyumbani katika utafiti wa kwanza zilipata maji saa 24. Mwaka 1997 zilikuwa zimebaki kidogo zaidi ya nusu. Matumizi ya mtu mmoja katika nyumba zenye bomba yalishuka kutoka zaidi ya lita 120 kwa siku hadi chini ya lita 70. Mwanzoni familia zenye bomba zilizohifadhi maji zilikuwa za kuhesabika. Mwishoni, kutohifadhi ndiko kulikokuwa kioja.

Soma tena hapo. Mwaka 1967 nyumba ya Dar es Salaam au Nairobi yenye bomba haikuhitaji tangi. Matangi yale meusi hayakurithiwa kutoka zamani. Ni mapya. Wazee wa wanachama wetu waliokulia mjini wanalithibitisha hili bila kusoma kitabu: baba wa mmoja wetu, aliyezaliwa Tanga, anasema utotoni hakuwahi kuona dumu la maji ndani ya nyumba yao, na kwamba madumu yaliingia yeye akiwa kijana.

Hatutaki kuusifu wakati ule kupita kiasi. Maji yalitoka saa 24 kwa sababu moja isiyopendeza: waliounganishwa walikuwa wachache. Mkoloni alilaza mabomba kwa ajili ya mitaa aliyoijali, na mtambo uliowatosha wachache ukaonekana mzuri. Baada ya uhuru miji ilikua haraka, watu wakaunganishwa kwenye mabomba yale yale, na fedha za kuyatunza na kuyaongeza hazikukua pamoja nao. Bomba halichoki kwa siku moja. Huanza kwa maungio yanayovuja, kisha msukumo hupungua, kisha mtaa wa mlimani hukosa, kisha mamlaka huanza zamu ili kila mtu apate kidogo. Mgao ukishaanza, hoja ya Hawksley hufanya kazi kinyumenyume: watu huacha koki wazi, hujaza zaidi ya wanachohitaji, na upungufu huongezeka. Dar es Salaam ilijaribu pia njia ya kampuni binafsi kuanzia 2003, na serikali ikauvunja mkataba mwaka 2005. London ilitoka kwa kampuni kwenda kwa umma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Uingereza iliyauza tena mashirika yake ya maji kwa watu binafsi. Anayetaka kuchora ngazi moja ambayo miji yote huipanda atapata shida na habari hizi.

Nani hulipa? Tangi ni kampuni ndogo ya maji iliyojengwa na familia. Mwenye fedha huweka tangi kubwa ardhini, pampu ya kupandisha, tangi jingine juu ya mnara wa zege, na maisha yake huwa karibu sawa na ya London. Wengine hufunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, jambo lililokatazwa, na kuyanyonya maji kabla hayajamfikia wa mbele. Pampu hiyo hiyo huzidisha kunyonya uchafu kwenye nyufa. Mita nayo huzunguka kwa hewa inayotangulia maji yanaporudi, kwa hiyo mtu hulipia upepo. Asiye na tangi hununua kwa dumu la lita 20, na lita kwa lita hulipa zaidi kuliko mwenye bomba. Watafiti wa 1997 waliona kwamba kwa familia za mjini zisizo na bomba, muda wa kuteka maji kila siku ulikuwa umezidi mara tatu ya ule wa zamani, na mtekaji, kama kawaida, alikuwa mama au mtoto.

Tumebakiza ya nyumbani kwetu hapa, kwa faida ya wanaopanga nyumba msimu huu. Mabomba yaliyo juu ya dari huganda, kwa kuwa joto la nyumba halifiki huko. Maji yakiwa barafu hutanuka takriban asilimia 9, na bomba la shaba hupasuka. Halivuji wakati huo, maana barafu yenyewe imeziba; huvuja siku jua linapotoka. Januari iliyopita dari la wale wenzetu wanne lilishuka juu ya kitanda siku moja baada ya theluji kuyeyuka, na mwenye nyumba alichukua siku tisa kumleta fundi. Funikeni tangi juu na kandokando, lakini msitandaze sufi ya kuzuia baridi chini yake, ili joto kidogo la nyumba lipande kulifikia. Koki ya maji moto ikikohoa kisha ikakauka ilhali tangi limejaa, hewa imenasa kwenye kona ya bomba. Msukumo ule mdogo wa bar 0.3 hauwezi kuisukuma, ndiyo maana tatizo hili halipati koki za bomba kuu. Nyumba iliyojengwa kabla ya 1970 huenda bado ina kibomba cha risasi: ukikikwaruza kwa sarafu hung'aa kama fedha. Kama kipo, acheni maji ya asubuhi yatiririke kidogo kabla ya kunywa, na mwandikieni mwenye nyumba. Na maji ya kunywa yatekwe jikoni, kamwe si kwenye koki ya moto ya bafuni. Sasa mnajua yametoka wapi.

Matangi yenyewe yanaondoka. Boila mpya huchemsha maji ya bomba kuu moja kwa moja, msukumo wa moto na wa baridi ukawa mmoja, koki mbili zikaunganishwa kuwa moja, na tangi hushushwa vipande vipande ili chumba cha juu kipangishwe kwa mwanafunzi mwingine. Nyumba ya wenzetu imo katika orodha ya matengenezo ya mwenye nyumba kiangazi hiki. Wamepiga kura kuhusu nani atabaki na tangi. Bibi wa Leicester amesema aletewe yeye.